Tiketi ya daraja la biashara, uchovu wa daraja la tatu: Kwa nini safari ya sikukuu haichagui abiria

Desemba iliyopita tulichanga. Watoto watano, kila mmoja kwa uwezo wake, tukamkatia mama tiketi ya daraja la biashara kutoka London hadi Kilimanjaro. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na alikuwa amekaa miezi mitatu kwa dada yetu akimsaidia kulea. Tukasema safari hii arudi nyumbani Marangu amejinyoosha kitandani, siyo amejikunja usiku kucha.

Alitakiwa kutua KIA Desemba 24 mchana. Alifika nyumbani Desemba 26 saa tatu usiku, kwa basi, miguu imevimba na sanduku halijulikani lilipo. Asubuhi ya siku hiyo mjukuu wake alikuwa amebatizwa na kupewa jina lake. Jina lilikuwepo kanisani, mwenye jina hakuwepo.

"Wanangu, kile kitanda kilikuwa kizuri sana," alituambia kesho yake. "Lakini nilikilalia saa nne tu. Usiku uliofuata, na mwingine tena, nililala kwenye viti."

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo huenda na wewe umewahi kujiuliza: hela zote zile zilinunua nini hasa?

Mambo yalivyoharibika

Ilianza na ukungu London. Ndege ya saa mbili usiku ikaondoka saa sita usiku. Mama akala, akalala, akaamshwa kabla ya kutua kwenye mji wa Ghuba ambako alikuwa abadilishe ndege. Kufika, ndege ya Kilimanjaro ilishaondoka.

Kaunta wakamwambia ya kesho imejaa, ya keshokutwa imejaa. Kwenye ukumbi wa mapumziko wa daraja lake nako watu walikuwa wamefurika, akaambiwa asubiri nje. Mwishoni akapewa kiti cha daraja la kawaida kwenda Dar es Salaam, akatua alfajiri ya tarehe 26.

Ndege za ndani kwenda KIA siku hiyo hazikuwa na nafasi. Basi, binamu yetu akampeleka stendi ya Magufuli, Mbezi. Kwa bahati mabasi ya kupanda Moshi yalikuwa na viti, maana wenye kwenda kula Krismasi walishakwenda. Takriban kilomita 550 za barabara zikamalizia safari iliyoanza kwa kitambaa cha moto na maji ya machungwa.

Kwa nini Desemba kosa dogo linakuwa kubwa

Ukungu huo ungetokea Februari, mama angechelewa siku moja tu au pungufu. Tofauti ni viti vitupu.

Miezi ya kawaida, ndege nyingi huruka zikiwa na viti kadhaa visivyo na mtu. Viti hivyo ndivyo akiba ya shirika: ukikosa ndege yako, unawekwa kwenye inayofuata. Desemba akiba hiyo inaisha. Wanaofanya kazi nje wanarudi nyumbani, watalii wanakwenda Zanzibar na mbugani, shule zimefungwa. Ndege moja ikichelewa, abiria 40 waliokosa kuunganisha wanagombania viti vitatu.

Na hapo mwenye tiketi ghali ana tatizo lake la ziada. Sehemu yake kwenye ndege ni ndogo. Chukua Dreamliner ya Air Tanzania aina ya 787-8: ina viti 262, na vya daraja la biashara ni 22 tu. Vikijaa hivyo 22, unabaki na mambo mawili: kushuka daraja uondoke leo, au kushikilia daraja lako usubiri siku nyingine.

Kumbuka pia mashirika mengi huuza viti kupita idadi iliyopo, kwa hesabu kwamba wapo watakaoghairi dakika za mwisho. Msimu wa sikukuu, mtu aliyenunua tiketi ya kwenda kwao haghairi kirahisi.

Kitanda kipo, usingizi haupo

Hili watu wengi hawaliwazi wakati wa kulipa. Kitanda kinauzwa, lakini saa za kulala zinategemea ratiba.

London hadi Ghuba ni kama saa saba. Toa muda wa kupaa, toa chakula, toa nusu saa na zaidi ya kuamshwa kabla ya kutua. Unabaki na saa nne. Halafu unashuka, unapita ukaguzi, unasubiri, unapanda tena kwa saa tano au sita, safari hii mchana. Usingizi wa usiku mmoja umekatwa vipande.

Ndiyo maana mtu aliyeruka moja kwa moja kwa saa kumi kwenye kiti cha kawaida anaweza kufika akiwa na nafuu kuliko aliyeruka mara mbili kwenye kitanda. Ukiwa na hela ya ziada, kabla ya kununua daraja, angalia kama unaweza kununua njia fupi.

Hewa ni moja kwa wote

Pazia linalotenganisha madaraja halizuii hewa. Ndege ikiwa juu kabisa, mgandamizo wa hewa ndani huwekwa uwe kama ule wa mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa wanaolijua eneo letu: ni kama kukaa kuanzia geti la Marangu kupanda juu, njiani kuelekea kibanda cha Mandara. Oksijeni inayoingia kwenye damu inapungua kidogo. Mtu mzima mwenye afya hawezi kudhurika, ila anachoka, na kichwa kinaweza kuuma.

Hewa hiyo pia ni kavu. Unyevu ndani ya ndege kwa kawaida huwa chini ya asilimia 20, wakati majumbani mara nyingi huzidi asilimia 30. Koo linakauka, macho yanawasha. Na mvinyo wa bure unaoletwa kila ukiinua macho hausaidii: unavuruga usingizi uleule uliolipia. Omba maji.

Ni saa za mwili au ni uchovu tu?

Ukifika umechoka, watu husema ni mabadiliko ya saa. Siyo kila mara.

Mwili una saa yake ya ndani, nayo huhitaji kama siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. London na Tanzania mwezi Desemba zinapishana saa tatu. Dubai na Tanzania ni saa moja tu. Anayetoka New York ndiye mwenye kazi: saa nane, tena akielekea mashariki, upande ambao mwili huuzoea kwa shida zaidi.

Kwa hiyo anayetoka Ghuba na kufika hoi amechoshwa na safari yenyewe: foleni, kukosa usingizi, kubeba mizigo, wasiwasi. Uchovu huo huisha kwa kulala usiku mmoja au miwili vizuri. Wa saa za mwili unataka subira, na mwanga wa jua la asubuhi.

Miguu kuvimba

Kukaa muda mrefu bila kutembea hufanya damu na maji kujikusanya miguuni. Mara nyingi uvimbe huisha wenyewe. Hatari ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: kusafiri umekaa kwa saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Hata hivyo inabaki ndogo, takriban mtu 1 kati ya 6,000. Na siyo ndege peke yake. Basi, treni na gari dogo ni vilevile. Mama alikaa kwenye vyote, isipokuwa treni.

Tembea kila saa moja au mbili, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma au kupata joto, au kifua kikibana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri sikukuu iishe.

Haki ambazo mama hakuzijua

Hapa ndipo tulipoumia zaidi, maana tungeweza kumwambia mapema.

Safari ikianzia Umoja wa Ulaya au Uingereza, sheria za huko zinamlinda abiria wa shirika lolote, liwe la huko au la kwetu. Ndege ikichelewa kupita kiasi, shirika linatakiwa kukupa chakula, na hoteli kama itabidi ulale. Hii ni hata kama kosa ni la hali ya hewa. Mama alianzia London kwa tiketi moja. Alistahili kitanda cha hoteli. Hakuomba, wala hakuna aliyempa.

Fidia ya fedha taslimu ni jambo jingine. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, ukifika umechelewa saa nne au zaidi kwa kosa la shirika, ni euro 600 Ulaya na pauni 520 Uingereza. Ukungu si kosa la shirika, kwa hiyo hiyo hatukuipata.

Ukishushwa daraja kwenye safari ndefu inayolindwa na sheria hizo, unatakiwa kurudishiwa asilimia 75 ya nauli ya kipande hicho. Mahali ambapo sheria hizo hazifiki, dai angalau tofauti ya nauli, kwa maandishi. Tunza kipande cha tiketi ulichokatiwa mlangoni. Ndicho ushahidi wa kiti ulichokalia.

Mizigo nayo ina mkataba wake, ule wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Sanduku likichelewa, andika malalamiko ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likiharibika, ndani ya siku 7. Ripoti ukiwa bado uwanjani, usitoke bila karatasi yenye namba. Sanduku la mama lilifika baada ya siku tano, na risiti za dawa na nguo alizonunua ndizo zilizotusaidia kudai.

Na kiti cha magurudumu? Hicho ni bure kwa abiria wa daraja lolote mwenye shida ya kutembea. Kitolee taarifa saa 48 kabla ya safari. Nusu ya sababu iliyotufanya tumnunulie mama daraja la biashara ilikuwa magoti yake. Kumbe msaada wa magoti haukuhitaji nauli ile.

Kabla hujakata tiketi ya Desemba ijayo

Safari nzima iwe kwenye tiketi moja. Ukinunua mbili tofauti ili kuokoa hela, ukikosa ya pili shirika halidaiwi kitu.

Kati ya ndege na ndege acha saa tatu au nne. Saa moja na nusu inatosha Machi. Desemba ni bahati nasibu.

Chagua ndege ya mapema kwenye siku, siyo ya mwisho. Ikiharibika, kuna nyingine nyuma yake.

Dawa, chaja, nguo za siku moja na kitu usichoweza kununua tena, viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Anayesafirisha mzazi ampe namba za simu kwenye karatasi, na sentensi moja ya kumwonyesha mtu wa kaunta: naomba chakula na hoteli, ni haki yangu. Simu huzima chaji.

La mwisho, na hili ndilo lililotushinda sisi: usipange kufika siku moja kabla ya shughuli. Acha siku tatu. Daraja la biashara linakupa kitanda, chakula kizuri, mizigo mingi na foleni fupi pale kaunta. Siku zilizopotea halizirudishi.

Mwaka huu mama anakwenda tena London. Tumemkatia kiti cha kawaida cha karibu na njia, ndege chache kadiri inavyowezekana, kiti cha magurudumu kimeshaombwa, na atarudi Desemba 15. Hela iliyobaki amesema tumpe. Anataka kumfanyia mjukuu wake sherehe ndogo ya mwaka mmoja tangu abatizwe, na safari hii, anasema, hata ukungu ukishuka wiki nzima atakuwa ameshafika.