Mtoto wa Jicho: Kuamua Upasuaji na Kujitunza Baadaye



Katika vigango vyetu vya Tandahimba na Newala hawakosekani wazee wanaoshikwa mkono na wajukuu kwenda kanisani, kwa kuwa macho yao yamefunikwa na ukungu. Wengi wao wana mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika. Wanasubiri msimu wa korosho upite, au, kama wasemavyo, mtoto wa jicho “akomae”.

Kusubiri huko hakuna faida. Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili, iliyo nyuma ya mboni, inapopoteza uangavu wake, mara nyingi kwa sababu ya umri. Matone hayaisafishi, na dawa za majani huweza kuliharibu jicho zima. Daktari huweka ganzi, huiondoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia, tiba iliyoanzishwa na Harold Ridley huko London mwaka 1949. Jicho halitolewi nje likaoshwa. Uvumi huo tumeusikia mno.

Wengine hutuuliza kuhusu leza. Leza ya kumwezesha mtu kuacha miwani hurekebisha kioo cha mbele cha jicho, wala haimwondoi mtoto wa jicho. Hata hivyo, miezi au miaka baada ya upasuaji, utando ulio nyuma ya lenzi bandia huweza kuingia ukungu, na hapo leza huufungua kwa dakika chache.

Kwanza mgonjwa apimwe, maana si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Presha ya macho huharibu mshipa wa fahamu, na uoni uliopotea hivyo haurudi. Aanzie zahanati au hospitali ya wilaya, apate rufaa ya kwenda kwenye kitengo cha macho, kama kile cha Ndanda. Uamuzi ni wake. Watoto wamsaidie nauli, wasimwamulie.

Kazi kubwa huanza arudipo nyumbani. Matone huwekwa kwa wiki kadhaa, kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni, hata pale ambapo maji ni ya kununua. Asifikiche jicho, na usiku avae kikinga jicho alichopewa. Asibebe ndoo kichwani wala asiiname kulima mpaka daktari amruhusu: hapa jumuiya ndogondogo ina kazi, kumtekea mama huyo maji. Akae mbali na moshi wa jikoni, na mbali na mikorosho inapopuliziwa salfa, ambayo huwasha hata macho mazima. Kanisani akae wengine wanapopiga magoti, bila aibu.

Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo. Jicho likizidi kuuma, likiwa jekundu au uoni ukipungua ghafla, arudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Dominika, hata kama korosho ziko chini ya miti zinasubiri kuokotwa.