Kabla hujanunua dazeni za rangi ya glita, ipake kwanza ukae nayo wiki

Hii ni kwako we unayeuza vipodozi kwa WhatsApp na Instagram. Msimu wa harusi na sikukuu ukikaribia, kila mteja anaulizia rangi ya kucha inayometa, ile ya glita nzito inayoonekana toka mbali. Ukiingia Kariakoo zimepangwa mpaka macho yanauma, na mwenye duka anakwambia, "Dada chukua, hii inatoka sana." Dukani inatoka kweli. Kwenye kucha je?

Mi mtaji wangu wa vipodozi wakati huo ulikuwa laki moja na nusu, na zaidi ya nusu yake ndo nilitaka niiweke kwenye rangi hizi. Kwa hiyo kabla ya dazeni nilichukua chupa tatu tu za rejareja. Moja ya dhahabu yenye chenga laini kama unga, moja ya zambarau yenye vipande vikubwa vya pembe sita, na nyekundu iliyochanganya vikubwa na vidogo. Nikapaka mkono wa kushoto na kukaa siku saba nikifanya kazi zangu zote: kufua, kuosha vyombo, kusonga ugali, kufunga mizigo ya wateja.

Kabla ya kupaka, kuna vitu vya kukagua pale pale dukani. Pindua chupa uiangalie kwenye mwanga. Kama chenga zimelala chini kama mchanga na hazitaki kusogea, jua mteja wako atapaka maji matupu mwanzoni na tope mwishoni. Chupa nzuri nyingi zina vigololi vya chuma ndani, ukitikisa unasikia vinagonga. Halafu angalia ule ute wenyewe. Glita ya bei rahisi huwa inachuja: rangi inatoka kwenye chenga inaingia kwenye ute, chenga zinabaki za fedha. Omba chupa ya mzigo mpya na ya mzigo uliokaa rafuni, uziweke pamoja. Zikiwa tofauti, achana nayo, maana zako nazo zitakaa.

Sasa kupaka. Rangi ya kucha ni ndugu wa rangi ya gari. Inakauka kwa dawa yake kupotea hewani, ndo maana inanuka vile. Ukipaka tabaka nene, juu panakauka na chini panabaki pabichi, ukilala shuka linachora mistari. Tabaka mbili nyembamba, ukisubiri katikati, zinashinda moja nene kila siku. Chupa usiitikise kwa nguvu, iviringishe kati ya viganja ili mapovu yasiingie.

Ile ya zambarau ilinisumbua. Kwa brashi chenga zinakimbia, kucha inapata vipande vitatu, pengine panabaki wazi. Nikakata kipande cha sifongo cha kupakia poda, nikamimina rangi juu yake, sifongo likanywa ute wa ziada, nikagonga gonga kwenye kucha. Mara moja tu ikajaa. Hiyo mbinu naiandika kwenye kila oda sasa, na wateja wanarudi kushukuru kuliko hata punguzo la bei.

Juu yake lazima ipakwe rangi ya kufunikia isiyo na rangi. Bila hiyo vile vipande vya pembe sita vinakwaruza, vinashika nyuzi za mtandio, na we utakuwa unavikwangua bila kujua ukiwa kwenye daladala.

Siku ya nne dhahabu ilikuwa imelika kwenye ncha tu, tena kwa mbali huoni. Nyekundu ilianza kubanduka pembeni baada ya kufua. Zambarau haikusogea hata kidogo. Ungeishia hapo ungesema zambarau ndo mshindi, nunua dazeni tano.

Kumbe shughuli iko kwenye kuitoa.

Zile chenga ni vipande vya plastiki nyembamba. Asetoni inayeyusha ile rangi inayozishika, chenga zenyewe haiziyeyushi. Ndo maana ukisugua kwa pamba kama ulivyozoea, pamba inachanika, chenga zinahama kutoka kucha hii kwenda ngozi ya kidole kile, na unajikuta unakwangua kwa wembe mpaka kucha inakuwa nyeupe na laini kama karatasi. Mteja aliyefika hapo hakupigii simu kulalamika. Anakaa kimya, na status zako anaanza kuzipita.

Inavyotakiwa ni hivi. Kata pamba ndogo ya kutosha kucha, iloweshe asetoni, iweke juu ya kucha, funga kidole na foili, ile ya kufungia kuku. Subiri kama dakika kumi. Halafu bana na uvute kuelekea nje kwa mkupuo mmoja. Dhahabu yangu ilitoka yote. Nyekundu ikabaki kidogo. Zambarau niliifunga mara mbili, jumla kama dakika ishirini na tano. Paka mafuta ya nazi baada ya hapo, asetoni inakausha ngozi.

Dakika ishirini na tano si kitu kwa mtu aliye likizo. Ila wateja wangu wengi ni Waislamu, na maji ya udhu hayapiti chini ya rangi. Mtu anapaka kwa ajili ya harusi jioni, anataka iwe imetoka kabla ya sala inayofuata. Wengine ni manesi na wapishi wa hoteli, Jumatatu kucha ziwe tupu. Hao ndo wanunuzi wa glita, watu wa siku moja au mbili. Kwa hiyo nilichukua dazeni nne za dhahabu na nusu dazeni tu ya zambarau, japo kwenye picha zambarau ndo inaua.

Ipo na njia ya gundi nyeupe ya shule. Unapaka tabaka jembamba kwenye kucha, unasubiri iwe angavu, kisha rangi juu. Inabanduka nzima kama ganda. Nilijaribu mkono wa kulia, siku ya pili ilidondoka kwenye beseni la vyombo, maana maji yanalainisha gundi. Kwa usiku mmoja inafaa sana. Mwambie mteja hivyo hivyo, asije akadhani umemuuzia feki.

Kuhusu picha: picha za muuzaji wa jumla achana nazo. Piga mkono wako, kucha fupi, karibu na dirisha, bila flashi kwa sababu flashi inageuza glita kuwa doa jeupe. Video ya sekunde kumi ukizungusha vidole inauza kuliko picha tano. Mi niliweka na picha ya siku ya nne, ncha zikiwa zimelika. Hiyo ndo iliyoleta maswali mengi inboksi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Chupa peke yake nanunua 1,000 nauza 2,500. Nikaifanya seti: chupa, kichupa cha asetoni, pamba, foili vipande kumi vilivyokatwa tayari, na karatasi ya maelekezo. Gharama ikafika 2,300, nauza 4,500. Faida imepanda kutoka 1,500 hadi 2,200, na wanaouliza "inatokaje hii?" wamepungua sana.

Tahadhari kwa wanaopima asetoni: usiiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika mbili, mtoto ataifakamia. Inashika moto haraka, hata mvuke wake, kwa hiyo mzigo usikae karibu na jiko la mkaa wala udi. Na mwenye kucha za kubandika mwambie mapema asetoni itazila.

Oda za bodaboda, zungushia selotepu kwenye kifuniko, funga chupa kwenye mfuko wake peke yake, ndipo uweke na nguo. Rangi ikimwagika kwenye dera la mteja, pamba na foili hazitakusaidia.