Kendu Bay: Mji usio na reli, ambako mabehewa hupita majini

MGENI anayefika Kendu Bay kwa mara ya kwanza na kuuliza iliko stesheni ya garimoshi huenda akachekwa. Mji huu wa ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Homa Bay, haujawahi kutandikwa reli hata hatua moja. Mataruma yaliyo karibu zaidi yako Kisumu na katika uwanda wa Kano, ng'ambo ya maji.

Hata hivyo, ni vigumu kuieleza historia ya Kendu Bay bila kulitaja shirika la reli. Kwa miongo mingi gati la mji huu lilikuwa mkono wa reli ulionyooshwa ziwani. Meli zilizotia nanga hapa zilimilikiwa na shirika la reli, nazo zilibeba abiria, barua na mazao kama pamba na mahindi hadi Kisumu, ambako vyote vilipakiwa kwenye mabehewa kuelekea Nakuru, Nairobi na Mombasa.

Ndiyo sababu mkazi wa Kendu Bay anayetaka kuona garimoshi, au kijana mwenye kamera au simu anayetamani kulipiga picha, ana mahali pazuri zaidi kuliko anavyodhani. La muhimu ni kujua pa kusimama, saa ya kufika, na mipaka ambayo hapaswi kuivuka. Kwa kutojua hayo, wengine hurudi nyumbani na picha za giza, wengine hujikuta wakihojiwa na polisi, na wengine huhatarisha maisha.

Reli iliyoishia majini

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899, na hatimaye ukagusa maji ya Ziwa Victoria mnamo Desemba 20, 1901. Yasimuliwa kwamba msumari wa mwisho uligongwa na Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli, na mji ukaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurejea.

Jina la reli lilikuwa la Uganda, lakini reli yenyewe iliishia upande wa mashariki wa ziwa. Safari iliyobaki ilikuwa ya meli. Meli kama Winifred na Clement Hill zilitengenezwa Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, kisha zikapandishwa kwenye garimoshi hadi Kisumu ambako mafundi waliziunganisha upya. Kwa maneno mengine, meli zililetwa na reli ili ziifanyie reli kazi.

Kutoka Kisumu, vyombo hivyo vilizunguka bandari ndogo za Nyanza, Kendu Bay na Homa Bay zikiwamo. Mwaka wa 1948 shughuli hizo ziliingia chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, mali iligawanywa na kila nchi ikabaki na vyombo vyake. Barabara nazo ziliendelea kuboreshwa, matatu zikachukua abiria, na gati la Kendu Bay likapoteza umuhimu wake wa zamani.

Mahali pa kwanza: ufuoni Kendu Bay

Katikati ya miaka ya 1960, ziwa lilipata meli mbili za aina yake: MV Umoja na MV Uhuru. Sitaha za meli hizi zina reli. Meli ikifika gatini hufungwa mahali pake, reli zake zikakutana na zile za nchi kavu, na mabehewa yakasukumwa ndani pamoja na shehena yake bila gunia hata moja kupakuliwa. Katika mgawanyo wa mali, Umoja ilibaki Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya.

MV Uhuru ilikaa bila kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kurejeshwa majini mwaka wa 2019, ikipeleka mabehewa Port Bell nchini Uganda. Baadaye meli nyingine, MV Uhuru II, ilijengwa papo hapo Kisumu.

Njia ya kutoka Kisumu kwenda Uganda hupita katikati ya ghuba, ikielekea magharibi hadi mlango wa Rusinga. Basi anayesimama ufuoni Kendu Bay siku meli ya mabehewa inaposafiri huwa anatazama garimoshi likielea mbele ya mji usio na reli. Ni mandhari ambayo mpenzi wa reli wa Ulaya angelipa nauli kubwa kuja kuyaona.

Meli hupita mbali, kwa hiyo simu ya kawaida haitoshi. Kamera yenye lenzi ya kuvuta mbali yahitajika. Asubuhi ndiyo saa nzuri kwa sababu hewa huwa safi kabla ya joto kuifanya icheze juu ya maji na kufifisha sura ya meli. Safari hizi hazina ratiba ya kutangazwa kwa umma, hivyo ni busara kuulizia Kisumu kabla ya kushinda ufuoni siku nzima.

Mahali pa pili: Kisumu

Barabara ya kutoka Kendu Bay hupita Katito na Ahero kabla ya kuingia Kisumu. Huko ndiko reli ilikoishia mwaka wa 1901, na bandari bado imepakana na njia ya garimoshi.

Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirejea Desemba 2021 baada ya kusimama kwa miaka kadhaa, kufuatia ukarabati wa njia ya Nakuru hadi Kisumu yenye urefu wa kilomita 217. Iliporejea, ilipangwa kuondoka Nairobi Ijumaa jioni, kufika Kisumu Jumamosi alfajiri na kugeuza Jumapili jioni. Ratiba za reli hubadilika, na mvua kubwa huweza kuziharibu kabisa. Mwenye nia ya kupiga picha na aulize stesheni kwanza.

Ndani ya stesheni na bandari kuna sheria. Haya ni maeneo yenye ulinzi, na kamera ikionekana ghafla huzua maswali. Njia rahisi ni kwenda kwa mkuu wa stesheni, kujitambulisha, kueleza shabaha ya picha na kuomba ruhusa. Kwa upande wa bandari, ruhusa hutakiwa kabla ya kupita langoni. Kinachokataliwa kwa mtu anayejificha mara nyingi hukubaliwa kwa mtu anayepiga hodi.

Aliyekosa ruhusa bado anaweza kwenda Hippo Point, upande wa Dunga, na kuzitazama meli zikiingia na kutoka ghubani.

Mahali pa tatu: uwanda wa Kano

Kutoka Kisumu reli huelekea mashariki kupitia Kibos, Miwani, Chemelil na Muhoroni. Ni eneo la miwa. Kiwanda cha Miwani kilianza mwaka wa 1922, kikiwa cha kwanza cha sukari nchini, na baadaye vikaja vya Muhoroni na Chemelil. Barabara ya Mamboleo hadi Muhoroni hufuatana na reli kwa sehemu kubwa, jambo linalomwezesha mtazamaji kuhama kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kwa anayetoka Kendu Bay, si lazima kuingia Kisumu; akifika Ahero aweza kwenda Awasi, kisha Chemelil.

Miwa ina kawaida ya kumdanganya mpiga picha. Shamba lililokatwa leo humpa nafasi ya kuona garimoshi zima, kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho. Akirudi baada ya mwaka mmoja, miwa imempita kimo na haoni ila moshi. Kwa sababu hiyo, wenye uzoefu hutembelea mahali mapema, siku ambayo hakuna garimoshi, ili kukagua.

Akisimama kusini mwa reli, mpiga picha hupata garimoshi mbele na milima ya Nandi nyuma yake. Hapo ndipo suala la jua linapoingia.

Vitabu vingi vya kupiga picha vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Kano iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kusini yake kidogo. Hapa jua la mchana huelemea kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini hadi Machi inayofuata. Maana yake ni kwamba pembe ya kusini, yenye mandhari ya Nandi, hufaa zaidi kati ya Oktoba na Februari. Mwezi wa Juni ubavu huo wa garimoshi huwa kivulini.

Aidha, saa za katikati ya mchana hazifai msimu wowote, kwa kuwa jua huwa utosini na vivuli huangukia chini ya mabehewa. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili u nusu asubuhi na kutua karibu saa hiyo hiyo jioni. Saa mbili baada ya kuchomoza na saa mbili kabla ya kutua ndizo za dhahabu. Treni inayotoka Kisumu jioni ikielekea mashariki hulipa jua kisogo, kwa hiyo anayeipiga picha kwa mbele atapata uso mweusi. Afadhali asimame ubavuni, au asubiri ipite aipige kwa nyuma.

Mahali pa nne: Fort Ternan na mwinuko wa Mau

Ukiwaacha Muhoroni na Koru, uwanda huisha na kazi kubwa ya reli huanza. Kutoka ziwani, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, garimoshi hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 karibu na Mau Summit. Katika bonde la Nyando na miteremko ya Mau, kampuni ya Marekani ya American Bridge Company ilijenga madaraja marefu ya chuma 27 mwanzoni mwa karne iliyopita. Upo pia mtaro uliochimbwa chini ya mlima, na stesheni iliyo karibu nao iliitwa Tunnel kwa sababu hiyo.

Wapenzi wa picha za reli hulipenda eneo hili kwa sababu mbili. Garimoshi lililolemewa na mzigo hupanda polepole, hivyo mtu hupata muda wa kupiga picha kadhaa. Pili, njia ina kona nyingi, na kwenye kona garimoshi huonekana lote kama nyoka badala ya kuonekana kichwa pekee. Mtu akisimama mlimani upande wa pili wa bonde, daraja zima huingia katika picha moja.

Hapo pia ndipo penye hatari kubwa zaidi. Madaraja haya hayakujengewa njia ya waendao kwa miguu. Anayekutwa katikati na garimoshi hana pa kukimbilia. Kutembea juu ya reli ni kosa la kisheria, na garimoshi la mizigo halisimami kama matatu. Breki zikishikwa, bado litakwenda mbali kabla ya kutulia. Likiwa linateremka, ngurumo ya injini hupungua na laweza kumfikia mtu kabla hajalisikia, hasa mwenye vidude vya muziki masikioni.

Kanuni ni nyepesi: kusimama mbali na reli mahali penye uwazi, kutowageuzia mgongo mataruma, kutopiga picha za kujionyesha katikati ya njia, na kutommulika dereva kwa taa ya kamera usiku. Watoto na wasiachwe wasogee peke yao. Anayetaka kurusha droni hana budi kupata idhini chini ya kanuni za usafiri wa anga za mwaka wa 2020.

Kwa nini picha hizi zina thamani

Baadhi ya watu huuliza faida ya kushinda juani kwa ajili ya picha ya mabehewa. Jibu liko katika yale yaliyokwisha kutoweka. Injini za mvuke za Garratt, zikiwamo 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kukimbia kwenye reli ya upana wa mita moja. Leo chache tu zimesalia. 5918 Mount Gelai ni mojawapo, nayo iko katika Makumbusho ya Reli Nairobi yaliyoanzishwa mwaka wa 1971. Nyingi ziliuzwa kama vyuma chakavu, na sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa na wageni waliokuja kuzifuata.

Meli ndogo zilizotia nanga Kendu Bay nazo zimekwenda, pamoja na makarani wake, tikiti zake na kelele za wachukuzi. Picha ya familia iliyopigwa gatini, ikiwa imehifadhiwa katika sanduku la nyanya, leo ni ushahidi wa historia kuliko ilivyodhaniwa siku ile.

Kwa hiyo anayepiga picha ya garimoshi leo na asiiache bila maelezo. Aandike tarehe, mahali, namba ya injini na lilikokuwa likielekea. Baada ya miaka 50, uzuri wa picha hautakuwa jambo kuu. Watakaoitazama watataka kujua ni wapi, ni lini, na ni nini kilichokuwa kikipita.