Mwandishi Kijana na Habari za Mpakani (3): Fuata maji kabla hujamfuata mtu

Katika sehemu mbili zilizotangulia nimeeleza jinsi kibali cha kuingia kambini kinavyoombwa, na kwa nini mwandishi anayetumwa kwenye habari za wakimbizi hana budi kujua tofauti kati ya mkimbizi, mwomba hifadhi na mhamiaji asiye na hati. Leo naingia kwenye eneo ambalo vijana wengi wenye kipaji hujikwaa: ugonjwa unapozuka mahali walipofikia wageni. Nitaegemea tukio moja, Kagunga ya Mei 2015, kwa kuwa limebeba karibu kila kitu ambacho mwandishi wa aina hii anapaswa kukijua.

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kaskazini kabisa mwa Mkoa wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Mbele ni ziwa, nyuma ni milima mikali. Wakati ule hakukuwa na barabara ya gari. Aliyetaka kwenda mjini Kigoma alipanda boti au alikwea mlima kwa miguu. Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha Burundi kilimpitisha Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, maandamano yakaanza Bujumbura, na katikati ya Mei kukawa na jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Watu wakakimbia. Wengine walipita njia za miguu, wengine mitumbwi ya usiku, wakarundikana kwenye kile kipande chembamba cha mchanga. Kufikia katikati ya Mei makadirio yalitaja watu wapatao 50,000.

Namwomba mwandishi kijana asimame hapo kwanza, kabla ya kutafuta mtu wa kumhoji, apige hesabu. Mashirika ya misaada yana viwango vyao: lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, na mwanzoni mwa dharura angalau choo kimoja kwa watu 50. Kwa watu 50,000 hizo ni lita 750,000 kila siku, sawa na ndoo 37,500 za lita ishirini, na vyoo 1,000. Kijiji cha wavuvi hakiwezi kuwa na vyoo 1,000. Kwa hiyo watu walifanya kile ambacho mimi na wewe tungekifanya: walijisaidia ufukweni na majini, wakaoga hapohapo, wakafua hapohapo, na jioni wakachota hapohapo maji ya kunywa na ya kupikia.

Kilichofuata ni kipindupindu. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, na njia yake ni fupi: anatoka na kinyesi cha mtu mmoja, anaingia kinywani mwa mwingine kwa maji au chakula. Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku tano. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au huharisha kidogo tu, lakini kwa siku kadhaa kinyesi chao hubaki na vijidudu. Anayeugua vibaya huharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, hutapika, macho hudidimia, ngozi ya vidole hukunjamana, na asipopewa maji ya kutosha mwilini anaweza kufa siku hiyohiyo.

Ugonjwa ulipothibitishwa, wengi wa wagonjwa wakiwa Kagunga, kazi ikawa kuwaondoa watu ufukweni. Ikaitwa MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, yenye nafasi ya abiria wapatao 600. Hakukuwa na gati. Watu walipelekwa kwenye meli kwa boti ndogo, wajawazito, wazee na wagonjwa wakiwemo. Gawanya 50,000 kwa 600, utapata zaidi ya safari 80. Hata vyombo vingine vilipoongezwa, msomaji aliyepewa hesabu hiyo anaelewa mara moja kwa nini mtu aliyefika leo angeweza kubaki pale siku nyingi akinywa maji yaleyale. Waliofika Kigoma walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ambayo tangu mwaka 1996 ilikuwa makazi ya wakimbizi wa Kongo.

Sasa tuje kwenye sentensi ya kwanza ya habari, maana ndipo mambo huharibika. Kijana mmoja anayeripoti kutoka mkoa wa mpakani aliwahi kuniletea habari yake kabla haijarushwa. Ilikuwa na takwimu sahihi, sauti nzuri, na mganga aliyezungumza kwa utulivu. Lakini ilianza hivi: "Wakimbizi wameingia nchini na ugonjwa wa kuhara." Nilimuuliza: umejuaje kwamba waliingia nao? Alikuwa na daftari nadhifu, akafungua ukurasa wa mahojiano, akatafuta. Hakuna aliyemwambia hivyo. Mganga alikuwa amesema tu kwamba wagonjwa wengi ni wakimbizi. Sentensi ile aliijaza mwenyewe, kwa kuwa ameisikia tangu utotoni. Akaenda tena, akauliza maswali manne: maji yanatoka wapi, yanatiwa dawa na nani, vyoo ni vingapi, na mgonjwa wa kwanza alikuwa amefika siku gani. Mgonjwa wa kwanza alikuwa amekwisha kukaa pale zaidi ya wiki mbili. Kwa ugonjwa ambao dalili zake huchukua siku tano kwa kuchelewa sana, jibu hilo linatosha kuonyesha kwamba aliambukizwa pale alipopewa hifadhi.

Swali la nani kaleta lina mvuto wake, na silidharau. Wanakijiji huliuliza kwa hofu ya kweli, na mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko naye hulichunguza kwa njia zake. Ubaya huja mwandishi anapolijibu kwa kutazama vitambulisho vya watu. Bonde la Ziwa Tanganyika limekuwa likipatwa na kipindupindu mara kwa mara kwa miongo mingi: Kigoma, Uvira, Kalemie, Bujumbura, Rumonge. Maji ya ziwa hayajui mpaka. Na mwezi Agosti wa mwaka uleule wa 2015, kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi ya Tanzania Bara, kikaiandama mitaa yenye visima vifupi na vyoo vinavyofurika. Wenyeji wa mitaa ile hawakuwa wamekimbia vita yoyote.

Takwimu nazo zina adabu yake. Tarehe 22 Mei 2015 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, kati yao wakimbizi 29 na Watanzania wawili. Mwandishi anayekimbilia kutangaza 3,000 peke yake anatisha watu bila kuwafundisha. Gawanya 31 kwa 3,000: karibu mtu mmoja katika kila wagonjwa mia. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua hata nusu ya waliozidiwa; kikitibiwa mapema, vifo vinapaswa kuwa chini ya mmoja katika mia. Kwa hiyo namba zile zinasema mambo mawili kwa pamoja: mazingira yalikuwa mabaya kupindukia, na wauguzi walifanya kazi kubwa sana. Mambo yote mawili ni habari.

Linganisha na Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 1994. Mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka ndani ya siku chache, wakajikuta juu ya mwamba wa volkano ambao jembe haliingii, hivyo vyoo havikuchimbika na hata makaburi yalikuwa shida. Maji yalichotwa Ziwa Kivu. Wataalamu walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Waandishi wa dunia nzima walikuwepo, na picha zao zilifika kila sebule, lakini ukizitazama leo unaona miili mingi na maelezo machache mno kuhusu ndoo. Ninaamini picha nyingine za magari ya maji na za mwamba ule zingewafundisha watazamaji zaidi kuliko picha ya mia ya maiti, na zingewaachia wafiwa heshima yao.

Kuhusu heshima, mwandishi kijana ajue anachokwenda kukiona ndani ya kambi ya kipindupindu. Kitanda ni cha turubai, katikati kina tundu, na chini ya tundu pana ndoo. Pembeni kuna ndoo nyingine ya matapishi. Ndoo zina alama za lita, na muuguzi anasoma alama hizo ili ajue mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na dripu ngapi zinafuata. Mtu mzima, mama wa watoto au mzee wa familia, amelala pale nusu uchi, hana nguvu za kujifunika. Kamera haina haki yoyote mbele ya kitanda kile. Piga picha ya ndoo, ya mkono wa muuguzi, ya paketi za chumvichumvi za ORS zilizopangwa mezani. Ukitaka kumhoji mgonjwa, subiri siku anapotoka, mkiwa mmeketi, umeeleza sauti yake itasikika wapi. Mkimbizi ana sababu ya ziada: huenda waliomfukuza wanasikiliza redio ileile, na ndugu zake bado wako upande wa pili. Jina lisitajwe, kijiji alikotoka kisitajwe, hata kama mwenyewe amekubali akiwa bado mnyonge na mwenye shukrani.

Kisha kuna wenyeji, ambao habari nyingi huwataja kwa sentensi moja ya mwisho. Watanzania wawili waliokufa katika hesabu ya Mei 2015 walikuwa na majirani. Vijiji vya Waha, wenyeji wa Kigoma, viko karibu na wakimbizi kwa kila maana: Kiha na Kirundi vinasikilizana, familia zimeoana pande zote mbili, na wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka 1972 walikaa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi wapatao 162,000 kati yao wakapewa uraia wa Tanzania. Ukaribu huo hauondoi malalamiko. Kuni zinakatwa, mazao yanaibwa, foleni ya zahanati inarefuka, na mama wa kijijini anaona lori la maji likipita mlangoni kwake kwenda kambini wakati bomba la kijiji limekauka. Anayesema hivyo si mtu mbaya. Mpe nafasi katika habari yako, kisha umpelekee mganga mkuu wa wilaya na mkuu wa kambi swali lake kama alivyoliuliza: kwa nini bomba lisipite kijijini kwanza? Mwaka ule chanjo ya matone dhidi ya kipindupindu ilipotolewa Nyarugusu, jamii zinazoizunguka kambi zilijumuishwa, kwa sababu ya kitabibu iliyo wazi: ugonjwa hauishii kwenye uzio wa kambi. Hilo ndilo jambo la kumweleza msikilizaji wa Kasulu kwa lugha anayoielewa.

Redio za jamii zimefanya kazi hii vizuri kuliko magazeti yetu, nami nasema hivyo nikiwa mtu wa magazeti. Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, mwaka mmoja baada ya Wanyarwanda robo milioni kuvuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa saa ishirini na nne hivi. Ilizungumza na kambi na vijiji kwa pamoja, jambo lililokuwa la lazima katika ukanda ambao redio nyingine, nchini Rwanda, ilikuwa imetoka kuchochea mauaji. Mkulima na mkimbizi walisikia tangazo moja la chanjo, saa moja, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake amelisikia.

Kazi hii ina hatari yake. Wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kuua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020, Papy Mumbere Mahamba alikuwa mtangazaji wa redio ya jamii katika kijiji cha Lwemba, Ituri, akielimisha watu kuhusu ugonjwa huo. Novemba 2019 alishambuliwa nyumbani kwake usiku, akauawa, mkewe akajeruhiwa, nyumba ikachomwa. Watu wa eneo lile walikuwa wamekaa na mauaji ya wanamgambo kwa miaka bila kuona magari mengi namna ile yakija kuwaokoa. Ebola ilipokuja na magari na fedha, wengi walishuku. Hakuna chuki inayohalalisha mauaji yale. Mhariri anayemtuma kijana kwenye habari ya ugonjwa amuulize kwanza watu wa kule wanalalamikia nini, na amruhusu kuanza na malalamiko hayo, hata kama wizara inataka aanze na tangazo lake. Na kijana alale mahali ambapo mhariri anapajua.

Mwisho wa sehemu hii, jambo la vitendo. Usisubiri mlipuko ndipo utafute takwimu. Zahanati hujaza taarifa za magonjwa kila wiki na kuzipeleka wilayani. Mganga mkuu wa wilaya anazo, na ukimzoea wakati hakuna jambo, atakupokea siku jambo likiwapo. Omba za kambi na za vijiji vinavyoizunguka, uziweke ubavuni kwa ubavu. Juma lijalo tutafanya hivyo kwa malaria, ambayo huua bila kuita kamera, na tutaona kwa nini idadi ya wagonjwa wa kambini inaweza kuonekana kubwa kuliko ya kijijini hata pale mbu ni walewale: kambini zahanati ipo jirani na kila anayeumwa anapimwa.