Umaskini, Ufukara na Maendeleo Endelevu: Malengo ya Ulimwengu katika Lugha ya Kiswahili

Mnamo tarehe 25 Septemba 2015, mataifa 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa yaliukubali mjini New York mpango wa miaka kumi na mitano wenye malengo 17, na la kwanza miongoni mwa malengo hayo ni kukomesha umaskini wa kila namna kila mahali. Malengo hayo yalichukua nafasi ya yale manane yaliyotokana na Azimio la Milenia la mwaka wa 2000, ambayo muda wake ulikwisha mwaka huo wa 2015. Wanauchumi wameandika mengi kuhusu fedha na takwimu zinazohusika. Lugha ya malengo hayo imepewa nafasi ndogo zaidi, ilhali ahadi ni maneno kabla haijawa kitu kingine chochote, na aliyeahidiwa hana budi kuyaelewa maneno yenyewe ndipo aweze kudai. Suala la kuchunguzwa hapa ni hili: ahadi iliyotolewa kwa Kiingereza inapofika kwa msemaji wa Kiswahili wa Lamu, Busia au Morogoro, je, huwa bado ni ahadi ile ile?

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi malengo yalivyopatikana. Yale manane ya awali yalipangwa na maofisa wachache na kutangazwa katika ripoti ya Katibu Mkuu ya mwaka wa 2001. Haya mapya yalifuata njia nyingine. Wazo lilitolewa na Colombia na Guatemala mwaka wa 2011, likakubaliwa katika mkutano wa Rio de Janeiro wa Juni 2012, kisha kazi ikakabidhiwa kamati ya wazi yenye viti 30 vilivyogawanywa baina ya nchi 70. Kamati hiyo, iliyomaliza kazi yake Julai 2014, iliongozwa na Macharia Kamau wa Kenya akishirikiana na Csaba Kőrösi wa Hungary. Kamau ndiye aliyeongoza pia mashauriano ya mwisho ya mwaka wa 2015, safari hii pamoja na David Donoghue wa Ireland. Basi haiwezi kusemwa kwamba Afrika Mashariki haikuwamo barazani. Mwana wake alikalia kiti cha mbele. Lugha yake ndiyo ambayo haikuwamo. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na Kiswahili si mojawapo. Kazi ya kuandika ilifanywa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikaitwa mwishoni, kazi ilipokwisha, ili kitangaze.

Hali haikuwa hivyo daima katika sehemu hizi. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliandikwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ndicho kilichofasiriwa kutokana nacho. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya siasa ya Azimio lile na matokeo yake. Hata hivyo maneno yake, kama vile kujitegemea na unyonyaji, yalikuwa na mizizi katika vitenzi ambavyo kila mkulima alivitumia, na aliyetaka kubishana nayo aliweza kubishana.

Mfano mwepesi wa tofauti hiyo ni neno "lengo" lenyewe. Mpango wa 2015 una ngazi tatu. Ya juu ni yale makusudio 17 ya jumla, yanayoitwa kwa Kiingereza "goals". Chini yake yamo mambo 169 yaliyo mahususi zaidi, aghalabu yenye mwaka au kiasi, yaani "targets". Chini kabisa vimo vipimo vya kitakwimu, ambavyo vilikubaliwa mwaka wa 2017 na ambavyo hujulikana kwa Kiswahili kuwa viashiria. Katika matini nyingi za Kiswahili ngazi mbili za kwanza zote huitwa malengo, hata msomaji akashindwa kujua kama serikali imeahidi mambo 17 au 169. Lakini lugha haikupungukiwa. Lipo neno "shabaha", ambalo tangu zamani hutaja kile hasa kinachopigwa na mlengaji, na pia ustadi wa kukipiga. Mtu hulenga upande fulani, bali hupiga shabaha au huikosa. Lau kwamba yale 169 yangeitwa shabaha, ingekuwa vigumu zaidi kwa mtu kusema kuwa "tunaendelea kulenga" wakati mwaka umepita na kitu hakikupigwa.

Kosa kubwa zaidi, na lenye madhara zaidi, limo katika neno "nusu". Lengo la kwanza la Milenia lilikuwa kupunguza kwa nusu, kati ya mwaka wa 1990 na 2015, sehemu ya watu wenye kipato kisichofika dola moja kwa siku. Si mara moja wala mbili imesikika kwa Kiswahili kwamba ahadi hiyo ilikuwa kupunguza idadi ya maskini kwa nusu. Hizi ni ahadi mbili mbalimbali. Chukua kijiji chenye watu 1,000, na 600 kati yao ni maskini. Baada ya miaka 25 wakazi wamekuwa 2,000, na maskini ni wale wale 600. Kwa hesabu ya sehemu, umaskini umepungua kutoka asilimia 60 hadi 30, na lengo limetimizwa kikamilifu. Kwa hesabu ya idadi, hakuna hata mmoja aliyepungua. Mfano huu si wa kubuni tu bila maana, kwani watu wa Afrika iliyo kusini ya Sahara walikaribia kuongezeka maradufu katika miaka hiyo. Inastahili kutajwa pia kwamba mkutano wa chakula uliofanyika Roma mwaka wa 1996 ulikuwa umeahidi kupunguza kwa nusu idadi ya wenye njaa. Miaka minne baadaye idadi ikageuzwa kuwa sehemu, na ahadi ikawa nyepesi bila kelele nyingi.

Ripoti ya mwisho ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka wa 2015, ilieleza kuwa katika nchi zinazoendelea sehemu ya walio katika umaskini mkubwa ilishuka kutoka asilimia 47 mwaka wa 1990 hadi 14, na idadi yao duniani kutoka bilioni 1.9 hadi milioni 836. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokea China. Katika Afrika iliyo kusini ya Sahara zaidi ya asilimia 40 walikuwa bado katika hali hiyo. Mfasiri anayeona ugumu wa neno la kitaalamu la uwiano anaweza kutumia usemi ambao kila mzee wa kijiji anaujua: badala ya maskini sita katika kila kumi, wawe watatu katika kila kumi. Usemi huo ni sahihi kihesabu, na mtu akiusikia hutambua mara moja kwamba hakuna aliyemwambia wako kumi ngapi.

Sasa yafaa kulitazama neno "umaskini" lenyewe, ambalo ndilo kiini. Mpango wa 2015 una ahadi mbili chini ya lengo la kwanza zisizopasa kuchanganywa. Ya kwanza ni kuukomesha kabisa, ifikapo 2030, umaskini mkubwa mno, ambao wakati huo ulipimwa kwa dola 1.25 kwa siku. Benki ya Dunia imekwisha kuusogeza mstari huo mara kadhaa: dola 1.90 mwaka 2015, dola 2.15 mwaka 2022, na dola 3.00 mwaka 2025. Ya pili ni kupunguza angalau kwa nusu sehemu ya wanaume, wanawake na watoto walio katika umaskini wa sura zake zote, kwa kadiri kila nchi inavyoueleza. Katika Kiswahili cha maofisi ahadi zote mbili hubebwa na neno moja, na tofauti huachiwa kivumishi: umaskini uliokithiri, umaskini wa kupindukia, umaskini wa kutupwa. Vivumishi vya namna hii huonyesha uchungu wa msemaji kuliko mpaka wa kitu chenyewe.

Kwa kweli mpaka huo ulikwisha kuchorwa zamani sana katika pwani hii. Aya ya 60 ya Sura ya 9 ya Kurani inataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na mawili ya kwanza ni mafukara na maskini. Kwa kuwa mafungu ni mawili, wanazuoni walilazimika kueleza tofauti. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, fukara ni yule asiye na mali wala kazi, au mwenye kitu kisichofika hata nusu ya mahitaji yake. Maskini ni yule ambaye apatacho kinafika nusu au zaidi lakini hakimtoshi. Anayehitaji kumi akapata mbili ni fukara. Anayehitaji kumi akapata saba au nane ni maskini. Hoja yao mojawapo hutolewa katika Sura ya 18, ambamo wenye mashua wafanyao kazi baharini wanaitwa maskini, ijapokuwa wana mashua. Wavuvi wengi wa Kipini au Vanga wangejitambua katika maelezo hayo kuliko katika dola tatu kwa siku.

Maelezo haya yana ubora wa pekee, nao ni kwamba kipimo chake ni utoshelevu. Hayaulizi mtu ana kiasi gani, bali kile alicho nacho kinafika wapi katika mahitaji yake na ya walio chini yake. Kwa hiyo ipo sababu nzuri ya kuliweka neno "ufukara" kwa ile ahadi ya kukomesha, na "umaskini" kwa ile ya kupunguza kwa nusu. Pingamizi zipo, nazo si za kupuuzwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi huyageuza maneno hayo, wakamfanya maskini kuwa ndiye aliye duni zaidi. Katika matumizi ya kila siku, hasa bara, mengi ya mpaka huo yamefutika, na kamusi aghalabu hueleza neno moja kwa jingine. Tena "maskini" limepata maana ya huruma tupu. Mtu husema "maskini!" akimhurumia hata tajiri aliyefiwa. Lakini pingamizi hizi zinahusu istilahi yoyote inayochukuliwa kutoka katika lugha hai, na hakuna istilahi bora inayopatikana pengine.

Kuhusu sura nyingine za umaskini, methali zilikwisha kutangulia. Isemwapo kuwa maskini haokoti, na akiokota huambiwa ameiba, linalosemwa si kipato chake bali ni kwamba neno lake haliaminiwi. Isemwapo kuwa mnyonge hana haki, umaskini umewekwa katika baraza la hukumu. Watakwimu wamechukua miaka mingi kulifikia jambo hilo.

Istilahi ya tatu, "maendeleo endelevu", ni kiumbe cha wafasiri, na kama kiumbe cha maofolojia hakina kasoro. Kama vile potea inavyozaa -potevu, na legea ikazaa -legevu, ndivyo endelea ilivyozaa -endelevu, yaani enye tabia ya kuendelea. Tatizo ni kwamba "maendeleo" nayo imetoka katika kitenzi hicho hicho. Kwa hiyo istilahi nzima yasema: kuendelea kunakoendelea. Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, ambayo ilisikiliza maoni ya umma Nairobi mwaka wa 1986 na kutoa ripoti yake mwaka wa 1987, ilikusudia jambo jingine: kutosheleza mahitaji ya leo bila ya kuwanyima walio bado kuzaliwa uwezo wa kutosheleza ya kwao. Ndani ya fikra hiyo mna kikomo. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini yenye maana ya kushikilia kutoka chini. Neno la Kijerumani lilianzia misituni, katika kitabu cha Hans Carl von Carlowitz cha mwaka wa 1713, ambamo ilitakiwa miti isikatwe kupita kadiri inavyoota. Waarabu wamechagua neno la shina lile lile lililotupa "dumu" na "daima", na Wafaransa nao husema maendeleo ya kudumu. Kiswahili kimebaki na mwendo bila kikomo. Ndiyo maana mradi huitwa endelevu kwa kuwa tu utaendelea baada ya wafadhili kuondoka, hata kama mradi wenyewe ni wa kumaliza mikoko.

Fikra ya kikomo si ngeni kwa wenyeji. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2008, ilihifadhiwa kwa miiko ya kutokata miti. Hata hivyo kuliondoa neno "endelevu" sasa kungekuwa ni kupigana na maji yaliyokwisha kumwagika. Limeingia vitabuni na katika sheria. Linalowezekana ni kulifafanua kila linapotumiwa mbele ya umma, kwa maneno kama kutumia bila kumaliza.

Katika mambo yote 169 hakuna hata moja linalotaja lugha. Neno hilo linapatikana katika aya ya 19 ya tangazo la utangulizi, miongoni mwa mambo ambayo watu wasibaguliwe kwayo. Lakini agizo la kuchambua takwimu, ambalo linataja kipato, jinsia, umri, rangi, kabila, uhamaji, ulemavu na mahali, limeiacha. Matokeo yake ni kwamba serikali inaweza kutoa hesabu ya wasichana waliomaliza shule ya msingi bila ya kuulizwa, katika vipimo vikuu vya ulimwengu, kama walifundishwa kwa lugha wanayoielewa.

Mkataba wa Wakati Ujao, uliokubaliwa na Umoja wa Mataifa mnamo Septemba 2024, umeweka Septemba 2027 kuwa wakati wa kutafakari njia ya baada ya 2030. Umoja wa Afrika uliikubali lugha ya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mnamo Februari 2022, na hivyo inawezekana kwa mara ya kwanza waraka wa msimamo wa bara hili kuhusu malengo yajayo uandikwe kwa Kiswahili tangu rasimu yake ya awali. Ukiandikwa hivyo, kazi ya kutafuta neno la Kiingereza linalotenganisha fukara na maskini itawaangukia wafasiri wa New York.