Juu ya uyoga mdogo wa kichuguu

Mvua zinapoanza kunyesha vizuri, hapa Kindu tunaona jambo hili: asubuhi moja udongo karibu na kichuguu umekuwa mweupe, kana kwamba mtu amemwaga mchele. Ni uyoga mdogo, ambao mama zetu wanauokota kwa furaha. Lakini watoto nao wanaokota, tena si kila uyoga mweupe ni chakula. Kwa hiyo inatupasa tuujue vizuri.

Wataalamu wanauita Termitomyces microcarpus. Jina hilo la kwanza, yaani uyoga wa mchwa, lilitolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa hukusanya miti mikavu na majani, na kwa mavi yao hujenga ndani ya kichuguu kitu kama sega. Uyoga huota juu yake na kulainisha chakula, ndipo mchwa wanakula. Ndugu zake wakubwa wana mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye sega. Huu mdogo hauna mzizi huo: mchwa hutupa nje vipande vya sega, na hapo unachipuka kwa mamia.

Alama zake ni hizi:

1. Kofia ni ndogo, haipiti santimetre 3, nyeupe au ya majivu kidogo; katikati ina ncha iliyochongoka, yenye rangi nzito zaidi.

2. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba kama kurasa za kitabu, vyeupe kwanza, halafu vya waridi hafifu.

3. Mguu ni mwembamba, hauna pete, wala mfuko chini yake.

4. Hauoti mmoja mmoja, bali wengi pamoja.

Ukiona pete na mfuko, uache: ndivyo ulivyo uyoga wa Amanita, ambao aina zake nyingine huua. Ukiona kurasa za kijani, uache vilevile, maana huo hutapisha vikali.

Wengine husema: wadudu wameula, basi ni mzuri; au: ukipikwa sana, sumu inakwisha. Tusidanganyike. Sumu ya Amanita haiharibiwi na moto. Tena hukawia saa 6 au zaidi, halafu mgonjwa aweza kuonekana amepona, kumbe ini linaharibika. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na mabaki ya uyoga.

Ndugu wakatekista, fundisheni hivyo vijijini. Alama moja ikikosekana, uyoga ubaki porini.