Mlio na Mlima

Kijana wa bodaboda akiniletea pikipiki hapa Chake Chake nimtobolee ekzosi, kwanza humuuliza: njia yako ipi? Akinambia anapakia kwenda Mkoani, abiria wawili na gunia la karafuu, naweka drili chini tuzungumze. Pemba si bapa. Ni mlima, bonde la mpunga, mlima tena, na pikipiki ya cc 125 hapa inahitaji nguvu injini ikizunguka polepole, gia ya pili, si ikiwa inapiga kelele juu kabisa.

Wengi wanaamini vile vyumba vya ndani ya sailensa vinaikaba injini, na kwamba vikitolewa itapumua. Kuna ukweli humo, lakini mdogo. Moshi hautoki mfululizo kama maji ya bomba. Hutoka kwa vishindo, kimoja kila vali ya kutolea moshi inapofunguka. Kishindo hukimbia ndani ya mrija, na kikifika pahala unapopanuka, wimbi la kuvuta hurudi nyuma kuelekea injini. Likiwahi vali kabla haijafunga, huchomoa mabaki ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Likichelewa, moshi mchafu hubaki ndani na kula nafasi. Urefu wa mrija na ukubwa wa vyumba ndivyo vinavyopanga wimbi lirudi lini, na mrija mmoja hupatana na injini kwenye mzunguko fulani tu. Waliounda pikipiki za kubebea watu walichagua mzunguko wa chini na wa kati. Ukikata, pengine utapata nafuu kidogo huko juu, ambako dereva wa Mtambile hafiki ila akikimbizwa.

Aliyeujua mchezo huu hasa alikuwa Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, nchi ile ile iliyojenga maghorofa ya Kikwajuni kule Unguja baada ya Mapinduzi. Mwaka 1961 injini yake ya mashindano, ya 125 na mapigo mawili, ilitoa nguvu za farasi 25. Pikipiki zetu za ukubwa huo, za mapigo manne, hutoa 10 au 11. Kaaden hakukata kitu. Alipima ekzosi yenye tumbo pana na mkia mwembamba mpaka mawimbi yakamtii. Mwaka huo huo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka na siri hiyo akaipeleka Suzuki, na 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za 50. Lakini injini za namna ile zilikuwa na nguvu juu tu. Mzunguko ukishuka, zinalala. Mlima wetu mmoja na gunia moja ungezimaliza.

Kisha kuna kabureta. Jeti yake, kile kitundu kinachopitisha petroli, imepimwa kwa ekzosi ya kiwandani. Ukiifungua ekzosi, hewa huizidi petroli na vali huanza kuungua. Plagi ndiyo inayosema: ya kahawia ni nzima, nyeupe imekosa petroli, yenye masizi imezidiwa. Na ile papapa unapoachia resi, ambayo vijana wanaiona raha, ni petroli isiyoungua inayolipukia kwenye mrija. Mara nyingi gasketi ya shingoni inavuja, basi.

Na kelele yenyewe? Ulaya pikipiki mpya ya 125 hairuhusiwi kuzidi desibeli 77. Kila zikiongezeka 10, sikio husikia kelele kama imezidi mara mbili. Wataalamu wa usalama kazini huweka mpaka wa 85 kwa saa nane. Ikifika 100, ni robo saa. Watu humhurumia mama mwenye mtoto mchanga kando ya barabara, nami namhurumia, lakini anayekaa na ekzosi kutwa ni dereva.

Anayeshikilia kwamba lazima apate mlio mzito, sigombani naye. Mrija wa mbele nauacha na urefu wake. Ndani ya sailensa natia mrija wenye matundu uliozungushiwa pamba ya nyuzi za kioo: ukali wa sauti hufa, uzito hubaki. Napandisha jeti saizi moja, anapanda mlima, anarudi, nafungua plagi.

Na jamani, kile kitundu chini ya sailensa msiniletee nikizibe kwa moto. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari fupi za mjini haziyakaushi, na kitundu kikizibwa bati huoza kwa ndani huku chumvi ya bahari ikilila kwa nje.

Mwenye kutaka nguvu ya mlima hasa, namwekea sproketi ya nyuma iliyozidi meno mawili. Mwendo wa juu hupungua kidogo na mnyororo huenda ukataka kuongezwa. Ni rahisi kuliko ekzosi ya kuagiza Dar, na jirani hatajua kama umebadilisha kitu.